Kufuga Samaki Katika Nchi ya Ng'ombe

Wenzangu mnaoanza kazi, nimeombwa niwaachie maneno kidogo kabla sijakabidhi ufunguo wa kabati la ofisi. Ufunguo wenyewe msihangaike nao, kabati hilo halijafungika tangu nilipolikuta. Habari za vyeo na mishahara nitazipita. Zimo ndani ya faili langu, faili langu limo masjala, na masjala yetu mtaizoea. Nitaandika habari za matope, za mabwawa yaliyokauka na yaliyojaa, na za watu wachache walionifundisha kazi hii, wengine bila kujua kwamba wananifundisha.

Mimi ni Mjita. Nimezaliwa ufukweni mwa ziwa, kwenye nyumba ambayo nyavu zilianikwa mbele na dagaa nyuma, na mpaka ninaingia chuoni niliamini kwamba kila binadamu anakula samaki isipokuwa mgonjwa. Kituo changu cha kwanza kilikuwa mwaloni, pale mitumbwi inapopakua samaki, chini ya Mzee Magesa, afisa wa siku nyingi mwenye miguu myembamba na koti la mvua alilolivaa hata kiangazi. Kazi yetu ilikuwa kukagua nyavu na kuchoma makokoro, yaani zile nyavu za kukokota zinazozoa mpaka vifaranga vya samaki. Jioni, wavuvi wakishatutukana vya kutosha, Mzee Magesa alinipeleka nyuma ya ofisi kwenye kibwawa alichokichimba kwa mikono yake, kibwawa ambacho hakikuwa kwenye ripoti yoyote.

"Nyangeta," aliniambia siku ya kwanza, "ng'ombe akiugua utamwona amelala. Samaki akiugua utamwona amekufa. Kwa hiyo usimwangalie samaki. Yaangalie maji."

Akanifundisha kuzamisha mkono polepole. Kiwiko kinapogusa maji, na vidole ndiyo kwanza vinapotea machoni, maji hayo ni mazuri, yana rangi ya kijani inayolisha samaki. Ukiviona vidole vyote, maji yana njaa. Vikipotea mkono ukiwa bado nusu, maji yamelemewa na mbolea, na hapo kaa chonjo. Akanifundisha pia kufinyanga donge la udongo, kulirusha juu na kulidaka. Likisambaratika mkononi, chukua koleo lako ukatafute mahali pengine. Kupima usawa alitumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji na kufungwa kwenye fito mbili. Nyinyi mna vipimo vya betri, na ni vizuri. Betri zikiisha, kiwiko mnacho.

Baada ya miaka michache ikaja barua ya uhamisho: Tarime. Nilipanda basi na begi moja na ndoo yenye mfuniko, maana Mzee Magesa alisema afisa uvuvi asiye na ndoo ni mpita njia. Mkuu wangu mpya, bwana mpole wa mifugo, aliisoma barua yangu mara mbili.

"Uvuvi," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Hapa juu?"

"Ndivyo barua inavyosema."

Alitazama dirishani kana kwamba ziwa lingeweza kuwa limehamia nyuma ya benki bila yeye kupewa taarifa. Kisha akanionyesha kiti, kwenye meza ya mtaalamu wa chanjo za ng'ombe, ambaye alinisogezea droo moja. Kwa miaka mingi ofisi ya uvuvi ya wilaya ilikuwa droo hiyo. Kwenye vikao tuliwekwa chini ya "mengineyo", wakati watu wameshaanza kutafuta kofia zao.

Msinielewe vibaya, sikuchukia. Ila nilishangaa, na mpaka leo nashangaa. Mkoa huu wote umepewa jina la mto, mto Mara. Milima ya Tarime inatoa chemchemi ambazo hazikauki hata Januari. Mabonde yako, udongo wa mfinyanzi uko, samadi iko ya kutosha kuzika tarafa. Halafu unaingia sokoni unakuta samaki wa kuganda, aliyesafiri baharini kutoka nchi ambayo muuzaji haijui, amelala kwenye barafu kama mgeni wa heshima. Nchi yenye maziwa kama haya inamwagiza samaki kama inavyoagizwa saa ya mkononi! Nililisema hilo kwenye kikao. Mwenyekiti alisema ni hoja nzuri sana, akafunga kikao.

Vijijini kulikuwa na tatizo jingine. Wakurya ni watu wa ng'ombe, na wakati ule wazee wengi walimhesabu samaki kuwa ndugu wa nyoka. Katika mkutano wangu wa kwanza mzee mmoja alisimama akasema kwa upole, "Binti yetu, huyo mnyama wako hana kwato, hana manyoya, hana sauti. Utajuaje kama anakupenda?" Mkutano ulicheka mpaka mtendaji wa kijiji akafuta machozi. Mchana wake walinikaribisha kichuri, mchuzi wao ule mchungu unaotoka tumboni mwa ng'ombe. Nikala. Mzee wa pembeni yangu akaniambia, akiramba vidole, kwamba samaki hawezi kumla kwa sababu ya harufu. Nilijizuia kujibu. Katika kazi hii, mdomo unaweza kuharibu kilichojengwa na koleo.

Jina nililipata huko. Walikuwa na Bwana Shamba na Bwana Mifugo, kwa hiyo mimi nikawa Bwana Samaki. Nilijaribu kueleza kwamba mimi ni mama wa watoto watatu. Walinisikiliza kwa heshima zote, wakasema, "Sawa, Bwana Samaki."

Watu wa kwanza kuniita wenyewe, bila mimi kuwafuata, walikuwa vijana wa Genkuru. Kule watu wanalima, lakini dhahabu iko karibu, na kijana aliyezaliwa pale anajua sururu kabla ya kujua kalamu. Kiongozi wao aliitwa Marwa, mfupi, mabega mapana, anayeongea haraka. Alinipeleka kwenye shimo kubwa lililoachwa na wachimbaji wadogo, likajaa maji ya mvua.

"Bwana Samaki, bwawa ndiyo hili, tayari," alisema. "Wewe leta vifaranga tu."

Maji yalikuwa meupe, mazuri kama ya chupa. Nikakaa ukingoni. Sikuona chura. Sikuona viluwiluwi, wala kereng'ende, wala hata mbu. Nikakumbuka kibwawa cha Mzee Magesa kilivyojaa kelele.

"Hapa mlikuwa mnaoshea nini?" niliuliza.

Wakatazamana. "Mchanga," alisema Marwa. Halafu, kwa sababu alikuwa mkweli, akaongeza, "Na zebaki."

Nikawaambia sitaleta hata kifaranga kimoja. Marwa aliruka juu. "Ninyi watu wa ofisini mkija hapa ni kukataza tu! Tukichimba, mnakataza. Tukiacha kuchimba tukafuga, mnakataza. Tufanye nini sasa, tukae tu?"

"Marwa," nikasema, "zebaki inaingia kwenye samaki, samaki anaingia kwa mwanao. Mimi siwezi kuleta hiyo kitu kwenye sahani ya mtoto, hata ukinipigia kelele mpaka kesho."

Nadhani alitegemea nimsomee sheria, na habari ya sahani haikuwa kwenye hesabu zake. Nikawauliza kama wanaweza kuchimba mahali pengine. Hilo swali liliwaudhi kuliko lile katazo. Kuchimba? Wao? Mchana huohuo tulipanda juu ya kijiji mpaka kwenye chemchemi safi, nikarusha donge la udongo, nikalidaka likiwa zima, nikafunga mpira wangu kwenye fito.

Sijaona kitu kama kile tangu nianze kazi. Mahali pengine wanakikundi huchimba asubuhi moja, wakaumwa mgongo wiki mbili. Wale vijana walizoea kushuka kwenye mwamba. Udongo wa pale kwao ulikuwa kama ugali. Walikata kingo kwa mteremko niliowaambia, wakashindilia kwa gogo huku wakiimba, na kabla mwezi haujaisha bwawa likawa limejaa. Nilikuwa nimetafuta wachimba mabwawa wilaya nzima, kumbe walikuwa chini ya ardhi.

Sato wao, wale samaki wa bwawani, walipokua, mama yake Marwa alikataa wapikwe ndani ya jiko lake. Walipikiwa nje, kwenye mafiga matatu, na sufuria ile haikuruhusiwa kurudi ndani. Lakini mfanyabiashara mmoja kutoka Sirari, mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mpaka, alimshika samaki mkia akasema, "Aki, hii samaki iko fresh hivi na nyinyi mnakula mboga tu? Niletee ingine kesho." Baada ya hapo sufuria iliingia ndani. Mama yule alitoa amri hiyo yeye mwenyewe, akasema nje kuna vumbi.

Nilipokuwa nimeanza kujisikia mtaalamu, wakanihamishia wilaya ya Serengeti. Huko nilikuta meza nzima, siyo droo, na jina la Bwana Samaki limetangulia kufika, nikajua nchi inaendelea. Na huko ndiko kulikotokea jambo ambalo nataka mlisome polepole, kwa sababu ndani yake kosa ni langu.

Katika kata ya Nyambureti alikuwepo mwanamke mjane aitwaye Bhoke. Mumewe alipofariki, ukoo ulimwachia nyumba, shamba dogo la mahindi mlimani, na kipande cha bonde ambacho hakuna aliyekitaka, chenye matete na maji mwaka mzima. Mahindi yakipandwa bondeni yalioza. Shemeji yake mkubwa, Mzee Mahende, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alikuwa akisubiri tu mahali pa kunyweshea mifugo yake. Aliwahi kumwambia Bhoke waziwazi: bonde ambalo halizai si la mtu, ni la ng'ombe.

Bhoke alinifuata ofisini Mugumu, amevaa kanga safi na raba za mwanawe.

"Dada," aliniambia, "nimesikia wewe unapenda matope. Mimi ninayo."

Nilikwenda. Bonde lilikuwa zuri mno, mpaka nilitamani kumpigia simu Mzee Magesa kule kijijini alikostaafia. Tulipima, tukachimba yeye na mimi na majirani wawili, tukaweka vifaranga nilivyovileta kwenye ndoo nyuma ya bodaboda, nikipuliza hewa kwa mrija kila tuliposimama. Nikamwandikia Bhoke maelekezo kwenye karatasi kwa herufi kubwa: samadi, ndoo nne, kila wiki.

Halafu ikaja kampeni ya chanjo ya mifugo, na ofisi ikakosa watu. Wiki baada ya wiki nilikuwa nashika ng'ombe pembe ili wenzangu wawachome sindano. Nilijiambia Bhoke ana karatasi. Naye, kwa kuwa ni mtu anayeheshimu karatasi, aliifuata neno kwa neno. Masika yaliingia, mawingu yakatanda siku nyingi mfululizo, jua likafichika, na yeye akaendelea kumimina ndoo nne kila wiki. Nilikuwa sijaandika kwamba mawingu yakizidi, samadi inasimama, kwa sababu bila jua yale maji ya kijani hayatengenezi hewa ya kutosha.

Alinipigia alfajiri. "Dada, samaki wote wamekuja juu, wanafungua midomo kama wanaimba. Wana furaha au nini?"

Nikamwambia aite watu, wamwage maji mapya, wayapige kwa matawi, nami niko njiani. Nilipofika, saa mbili na nusu, wengi walikuwa wamegeuka matumbo juu. Bhoke alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, bado anapiga kwa tawi. Hakulia. Aliniuliza tu, "Nimekosea wapi? Nilifuata karatasi."

Siku ya tatu ukoo ukaita kikao nyumbani kwa Mzee Mahende. Mimi sikualikwa, nilijialika. Niliwaamkia wazee wote shikamoo, nikakaa kwenye benchi la wanawake. Mzee Mahende alisimama na fimbo yake.

"Mke wa mdogo wangu," alimwambia Bhoke, wala hakuwa mkali, "tulikuacha uchimbe, umechimba. Ukafuga, wamekufa. Hatukucheki. Lakini sasa ng'ombe wanywe."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Bhoke alitazama mikono yake. Nikainua wangu.

"Wazee wangu, samahani. Huyu mama hakukosea popote. Karatasi aliyoifuata niliiandika mimi, na ilikuwa na upungufu. Nilitakiwa nirudi kumwangalia, sikurudi. Kosa ni langu."

Mzee Mahende aliinamisha kichwa upande kama mtu aliyesikia sauti ya ndege asiyemjua.

"Rudia," alisema.

"Kosa ni langu, mzee. Si la Bhoke."

"Wewe si mtu wa serikali?"

"Ndiye."

"Na unasema kosa ni lako."

"Ndiyo, mzee."

Alikaa chini. Alimgeukia mzee wa jirani yake, wakazungumza kilugha kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili ili nisikie: "Mimi nimekaa vikao na watu wa serikali tangu nina nywele nyeusi. Mvua ikikosekana, kosa letu. Ng'ombe wakifa, kosa letu. Chanjo ikichelewa, kosa la barabara. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia hili neno." Akagonga fimbo chini. "Mpeni huyu mwanamke msimu mmoja. Na huyu Bwana Samaki arudi kila wiki. Nataka nione mwisho wake."

Niliwaza sana juu ya siku ile. Chuoni hatukufundishwa kusema kosa ni langu. Nilidhani ningepoteza heshima. Lakini hakuna semina iliyowahi kunifungulia mlango kama sentensi ile moja. Itumieni inapostahili. Msiizoee sana, maana mtu mwenye makosa kila wiki naye anachosha.

Nikampigia Marwa wa Genkuru. Alikuja na wenzake wanne na sururu zao, wakavuka mto Mara kwa basi, na abiria wote wakawa wanawauliza dhahabu imepatikana wapi. Walikausha bwawa lile, wakaongeza kina upande mmoja, wakatengeneza njia ya maji kuingia na nyingine ya kutoka, na kwenye kona wakajenga zizi dogo la fito la kuwekea samadi, ili rutuba yake iingie majini kidogokidogo badala ya kumwagwa. Mzee Mahende alikuja kila siku kutazama, amejifanya anatafuta ndama. Siku ya nne alimuuliza Marwa, "Mura," yaani kijana kwa lugha yao, "hiyo samadi mnaitoa wapi?" Marwa akasema hawajapata. Kesho yake asubuhi tulikuta mkokoteni umejaa mlangoni pa Bhoke, na hakuna aliyekiri kuuleta, ingawa punda alikuwa wa Mzee Mahende na bado yupo amefungwa pale.

Nilirudi kila wiki, kama nilivyoamriwa. Nilimfundisha Bhoke kiwiko badala ya karatasi. Baadaye nilimkuta amemfundisha binti yake, na binti amewafundisha wenzake shuleni, mpaka mwalimu akalalamika kwamba watoto wanaingia darasani na mikono ya sare imelowa. Tulizungushia miiba kwa ajili ya kenge. Miiba hiyo ilisaidia pia kwa kitu nilichojifunza kata ya Kisaka, ambako kundi la ng'ombe liliwahi kuingia kwenye bwawa la mteja wangu likaoga kwa saa nzima na kulala ukingoni: adui mkuu wa bwawa si kenge, ni ng'ombe mwenye kiu.

Siku ya kuvuna nusu ya kitongoji ilikuja. Nilikuja na kokoro. Ndiyo, mimi niliyeyachoma mwaloni, kwenye bwawa naruhusiwa kukokota, na nakiri nililifurahia kuliko inavyofaa. Tulishika wavu watu wanne, tukaanza kuvuta kutoka upande wenye kina. Katikati ukakwama kwenye tope. Tulivuta, ukagoma. Bhoke aliteleza akakaa majini, watu wakapiga kelele. Ndipo niliposikia nyuma yangu maji yanapasuka. Mzee Mahende alikuwa ameingia na suruali yake ya kikao, na fimbo mkononi.

"Mnavuta kama mnaomba ruhusa!" alisema. "Vuta kama ndama anayetoka!"

Akainama, akaunyanyua wavu kwa chini, nasi tukavuta. Ukaja. Kwanza lilitokea wimbi dogo, halafu maji mbele yetu yakachemka. Sato waliruka juu ya wavu, mmoja akampiga Mzee Mahende kifuani, naye mzee akamkumbatia bila kutaka, akabaki amemshika kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Ana nguvu!" alipaza sauti. "Huyu mnyama ana nguvu!"

Watoto walikuwa wanaimba. Bhoke alisimama kwenye ukingo, matope mpaka kwenye nyusi, anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nilikuwa nimejifanya nakagua wavu kwa sababu macho yangu nayo hayakuwa makavu. Wapishi wa hoteli mbili za Mugumu waliokuja kwa mashaka waliondoka na ndoo zimejaa. Samaki waliobaki tuliwakaanga palepale. Mzee Mahende alipewa kichwa, kwa heshima. Alikizungusha, akakinusa, akang'ata kwa uangalifu wa mtu anayeonja dawa. Wote tulikuwa tunamwangalia. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Ana mifupa mingi," alisema mwishoni. Akaongeza ugali. "Lakini anaongea vizuri."

Habari ya ng'ombe kunywa bondeni haikutajwa tena. Mwaka uliofuata Mzee Mahende alichimba bwawa lake, akahakikisha ni kubwa kuliko la shemeji yake kwa upana wa mkono. Bhoke akaongeza la pili. Wale vijana wa Genkuru walipata kazi bonde kwa bonde, mpaka Marwa akawa ananipigia mimi kuniambia wapi kuna mfinyanzi mzuri. Hatukujaza nchi nzima samaki, hilo mtalifanya nyinyi. Maziwa yako palepale, mito inateremka, na kwenye vikao mtakuta bado watu wanatafuta kofia. Semeni haraka, kabla hawajazipata.

Mzee Magesa nilimtembelea akiwa bado hai nikamsimulia yote, pamoja na wale samaki waliokufa. Alicheka sana kwenye habari ya punda. Kwenye habari ya karatasi hakucheka. Alinishika mkono akasema, "Hata mimi niliwaua wa kwanza. Sikukwambia, nilitaka unione mtu wa maana." Tukacheka wote wawili.

Mwezi uliopita, barua ya kustaafu ikiwa imeshafika, Mzee Mahende alinialika nyumbani. Binti yake mdogo, Gati, alikuwa anaposwa na kijana wa upande wa Kisaka. Wageni walikuwa wamekaa safu mbili, msemaji wao mtu mnene mwenye sauti ya ngoma. Ng'ombe wa mahari walishakubaliwa, pombe ilishaletwa, nikadhani kilichobaki ni kula. Mzee Mahende akanyanyua fimbo.

"Ng'ombe tumewaona, wanapendeza, hatuna neno," alisema. "Limebaki moja. Kijana achimbe bwawa."

Msemaji alitabasamu, akidhani ni mzaha. Alipoona wenyeji hawacheki, tabasamu likaondoka. "Mzee wetu, mahari tunayoijua ni ya ng'ombe. Wanatembea wenyewe mpaka hapa. Bwawa tutalileta kwa njia gani?"

"Nani kakwambia ulilete hapa? Chimbeni huko kwenu. Mtoto wangu anakuja kuishi huko, na amezoea kula samaki. Likijaa maji mniite."

Wageni waliomba kutoka nje kushauriana. Walikaa muda mrefu mpaka Bhoke, aliyekuwa ameketi karibu nami, akaanza kuhesabu sufuria kwa wasiwasi. Gati alikuwa anachungulia dirishani, na sikuona dalili yoyote kwamba anamwonea huruma mchumba wake. Waliporudi, msemaji alikohoa.

"Tumekubali. Ila tunauliza, mzee, ni bwawa la ukubwa gani linalotosha mtu na mke wake?"

Nyumba nzima ikanigeukia mimi. Nilikuwa nimekuja kula tu, lakini kazi ni kazi.

"Hatua kumi kwa ishirini," nilisema. "Kwa kuanzia."

Bwana harusi, kijana mrefu sana ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, alisimama, akauliza kwa adabu, "Shikamoo, mama. Hatua zako au zangu?"

Kabla sijaitikia, Mzee Mahende alimtazama ile miguu kutoka juu mpaka chini, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Zako, mura," alisema. "Wewe ndiye unayeoa."